Bwana Émile Wangermée, musimamizi wa kwanza wa muji wetu

Pengine mutashangaa kukuta katika kitabu hiki maisha ya mutu asiyekuwa padri wala askofu. Mutu huyu alikuwa mukubwa wa serikali ya wakoloni, na wengine watauliza kama jina lake linastahili kuwekwa karibu na majina ya wale waliotubatiza. Swali hilo ni la haki, na sisi wenyewe tulijiuliza mbele ya kushika kalamu. Lakini parokia haielei hewani. Inakaa ndani ya muji, kati ya njia na nyumba, na watu wake wanaishi hapa ao pale kufuatana na namna muji ulivyopangwa tangu mwanzo. Aliyeupanga muji wa Lubumbashi ni Bwana Émile Wangermée. Mema aliyofanya tunayatumia kila siku. Mabaya yaliyotoka katika mupango ule, wazazi wetu waliyabeba miaka mingi. Haifai kusimulia upande mumoja na kuacha wa pili.

Alizaliwa katika mwaka 1855 huko Tirlemont, muji mudogo wa Ubelgiji. Aliingia jeshini, akawa ofisa mwenye ujuzi wa kujenga ngome. Habari za utoto wake hazitatukawiza, kwani kazi yake yote tunayoijua ilifanyika Afrika.

Alipofika Kongo, inchi hii ilikuwa mali ya Mufalme Leopold wa Pili, iliyoitwa Dola Huru la Kongo, na makao yake makubwa yalikuwa Boma, karibu na bahari. Wakubwa wa Boma waliogopa kwamba siku moja Wareno ao Wafaransa wangepandisha muto kwa mashua za vita. Kwa hiyo waliamuru ijengwe ngome ya Shinkakasa, juu ya ukingo wa muto, na Wangermée alikuwa mumoja wa wale waliotumika sana katika ujenzi ule. Kwa ngome ile alijifunza jambo ambalo lilimufaa baadaye huku Katanga: kusimamia kazi kubwa mahali ambapo hakuna karakana, wala soko, wala fundi wa kutosha, na ambapo kila musumari unatoka ngambo ya bahari.

Akapanda cheo. Katika miaka ya 1890, wakati Guvernere Mukuu Wahis alipokuwa Ulaya, Wangermée alishika mahali pake kwa muda. Hapa sherti tuseme kweli bila kuzunguka. Miaka ile ndiyo miaka ya mupira wa porini, wakati vijiji vya Kongo vilitozwa mupira kwa nguvu, na watu wengi wakafa kwa kupigwa, kwa njaa na kwa kukimbia musituni. Mutu aliyeketi katika kiti cha Boma, hata kwa miezi michache tu, hawezi kutengwa na utawala ule. Hakuwa mutu wa vita kama wengine wa wakati wake, alikuwa mutu wa ofisi na wa ujenzi. Lakini ofisi ndiyo iliyotuma amri.

Tugeuke sasa upande wa Katanga. Mufalme Msiri wa Bunkeya aliuawa katika Desemba 1891, na inchi yake ikaingia mikononi mwa watu wa Leopold. Kwa miaka kama ishirini Katanga haikutawaliwa na Boma moja kwa moja. Katika mwaka 1900 iliundwa halmashauri iliyoitwa Comité Spécial du Katanga, kwa kifupi C.S.K. Thuluthi mbili zilikuwa za dola, thuluthi moja ya kampani moja ya biashara. Halmashauri hii ilikuwa na udongo, ilikuwa na mawe ya chini ya udongo, tena ilikuwa na askari wake yenyewe. Makao yake yalikuwa Lukonzolwa, kando ya ziwa Mweru, mbali sana na mahali tunapokaa leo.

C.S.K. ilimutuma Wangermée awe mujumbe wake mukubwa katika Katanga. Alitembea inchi, akapita upande wa maziwa makubwa, akaandika kitabu cha safari yake kilichopigwa chapa Brussels katika mwaka 1909. Mutu akitaka kuelewa sababu ya maamuzi yake ya baadaye, akumbuke safari zile. Aliona kwamba Lukonzolwa haina maisha ya mbele. Ugonjwa wa malale ulikuwa ukiua watu kando ya Luapula na ziwa, na shaba yote ilikuwa upande wa kusini na wa magaribi.

Wakati huo huo mambo makubwa matatu yaligeuka. Katika mwaka 1906 kampani ya Union Minière du Haut-Katanga ilizaliwa. Katika Novemba 1908 Kongo ikatoka mikononi mwa Leopold ikawa koloni ya Ubelgiji. Tena reli ya Waingereza ilikuwa ikipanda kutoka Afrika ya Kusini na Rodezia, ikafika Sakania mwisho wa mwaka 1909. Wabelgiji waliona hatari: shaba ingetoka kwa reli ya Waingereza, wachimbaji wangekuwa Waingereza, fedha za sokoni zingekuwa za Waingereza, na Katanga ingekuwa Rodezia ingine. Kwa sababu hiyo serikali ya Brussels ilinyanganya C.S.K. mamlaka ya kutawala, ikaiachia udongo na migodi. Kwa amri ya Machi 1910 Katanga ikapata serikali yake, na Wangermée akawekwa Makamu wa Guvernere Mukuu. Alikuwa na miaka 55, umri ambao maofisa wengi wa wakati ule walikuwa wamekwisha kurudi kwao kupumzika.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuchagua mahali pa muji mukubwa.

Wengine walitaka Kambove, kwani shaba ya Kambove ilisifiwa sana. Wengine walitaka muji ukae kwenye mugodi wenyewe wa Kalukuluku, ule ulioitwa Étoile. Wangermée hakufuata hawa wala wale. Alichagua uwanda wa juu, zaidi ya metre 1200 juu ya bahari, karibu na kijito cha Lubumbashi, katika inchi ya Walamba wa sultani Kaponda. Union Minière ilikuwa imeamua kujenga tanuru la kuyeyusha shaba kando ya kijito kile, kwa ajili ya maji, na mugodi wa Étoile ulikuwa umbali wa kilometre kama kumi tu. Reli ilipaswa kupita hapo.

Uchaguzi huu ulionyesha akili ya musimamizi wa kweli. Mugodi unakwisha siku moja, lakini tanuru linaweza kupokea mawe kutoka migodi mingine. Ndivyo ilivyotokea: katika miaka ya 1920 kazi ya Étoile ilisimama, nao muji haukufa. Miji mingapi ya shaba na zahabu katika dunia imebaki kuta tupu na majani, kwa kuwa waliijenga juu ya shimo moja!

Gari la moshi la kwanza liliingia tarehe 27 Septemba 1910. Muji uliitwa Elisabethville, kwa heshima ya muke wa Mufalme Albert. Mufalme huyu alikuwa amepita Katanga katika mwaka 1909, wakati angali mwana wa ufalme, na mwisho wa mwaka ule akarithi kiti cha Leopold. Walamba hawakuulizwa juu ya jina, wala juu ya udongo.

Kwa kuchora njia, Wangermée alitazama muji wa Bulawayo katika Rodezia. Alipenda njia pana zilizonyoka, zinazokatana sawasawa kama ubao wa mucheso wa dama, ili muji uweze kuongezeka pasipo kubomoa uliokwisha kujengwa. Mutu anayekuja leo kutoka muji mwingine, wenye njia za kupinda-pinda, anatambua mara moja urahisi wa kutembea katikati ya Lubumbashi. Fikiri lakini namna mahali pale palivyokuwa: musitu muzima wa miombo, na vichuguu vya mchwa virefu kama nyumba, vingine vya kuzidi. Kila kichuguu kilichosimama kwenye mustari wa njia kilipaswa kuvunjwa kwa jembe na beleshi. Udongo wake ulifaa sana kwa matofali, na nyumba nyingi za kwanza za kudumu zilijengwa kwa udongo ule wa mchwa. Waliovunja vichuguu, waliokata miti, waliofyatua matofali, majina yao hayakuandikwa katika kitabu chochote.

Miaka ya kwanza ilikuwa ya taabu. Nyumba zilikuwa za mabati na za miti, joto mchana, baridi usiku. Maji yalitoka katika visima, na visima vilichimbwa karibu na vyoo. Kwa hiyo homa ya matumbo na kuhara vilishika weusi na weupe. Wazungu waliofika na gari la moshi walikuwa wa kila namna: Waingereza, Wagiriki, Waitaliano, Wayahudi wa Urusi, watu wa Afrika ya Kusini, wengine wenye kazi nzuri, wengine wakitafuta bahati tu. Baa zilifunguliwa mbele ya nyumba za ibada. Kingereza kilisikika njiani kuliko Kifransa, na paundi ilipendwa kuliko franka. Wangermée alipaswa kutawala muji wa Wabelgiji ambamo Wabelgiji walikuwa wageni.

Alijaribu kuleta wakulima kutoka Ubelgiji, ili wakae Katanga, walime, walishe muji. Serikali ilitumia fedha nyingi kwa mupango huo. Haukufaulu. Udongo wa Katanga haukuwa kama ule wa kwao, nzi aliua ngombe, na wakulima wengi waliacha mashamba wakaenda kutafuta kazi muji ao kurudi Ulaya. Unga uliolisha watumishi uliendelea kutoka Rodezia na katika vijiji vya weusi. Hii ni kushindwa kwake kwa wazi, na aliiona angali kazini.

Mbele ya Wangermée kulikuwa tena na tatizo la watumishi. Katika Katanga ya kusini watu walikuwa wachache, kwani vita na magonjwa vilipunguza vijiji. Katika mwaka 1910 iliundwa Bourse du Travail du Katanga, ofisi ya kutafuta watumishi katika inchi za mbali. Waajiri wake walikwenda upande wa Lomami, wa Maniema, wa Tanganyika, na wengine walivuka mupaka wa Rodezia. Vijana walitembea majuma mengi kwa miguu, wakafika wamekonda, wakalala katika kambi zilizojaa, wakapatwa na nimonia na kuhara. Wengi hawakurudi kwao. Walioishi walileta pamoja nao Kiswahili, na kwa taratibu lugha hii ikafukuza ile lugha ya migodi ya kusini ambayo mabwana Waingereza walizoea kuitumia kwa kuamuru. Kwa hiyo Kingwana tunachosali nacho leo kilikuja kwa miguu ya watumishi wale. Guvernere hakukipanga katika ramani yake.

Kanisa liliingia mapema. Katika Agosti 1910 Roma iliunda Prefektura ya Katanga, na Wabenediktini wa Saint-André ya Bruges walikabiziwa inchi hii, wakiongozwa na Padri Jean-Félix de Hemptinne, ambaye baadaye alikuwa askofu na akafa hapa katika Februari 1958. Katika mwaka 1911 Wasalesiani walifika na Padri Joseph Sak, wakaanza shule. Serikali ya Wangermée iliwapokea vizuri. Tusijidanganye: iliwataka kwa sababu ya roho, na iliwataka pia kwa sababu ya Kifransa. Padri Mubelgiji mwenye shule alikuwa ukuta mbele ya wapashaji wa Injili na wachuuzi waliokuja kwa reli ya Waingereza. Mapadri wenyewe walijua jambo hilo, na si wote waliolichukia. Wakafundisha hata hivyo, wakabatiza, wakazika wafu wa kambi, na kutoka kwa kazi ile parokia za muji zilichipuka moja baada ya ingine.

Tarehe 30 Juni 1911 shaba ya kwanza ilimiminika katika tanuru la Lubumbashi. Tangu siku ile moshi uliotoka kando ya kijito uliwaambia watu wote kwamba muji huu hautaondoka.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo lilitufanya tusite. Katika mupango wa 1910 muji ulikuwa wa wazungu. Njia pana, viwanja, nyumba ya guvernere, posta, benki, yote yalikuwa kwa ajili yao. Watu weusi walihesabiwa kama mikono inayokuja asubuhi na kuondoka jioni. Walipewa mahali pao pembeni, upande wa kusini, na kati ya pande mbili palipaswa kubaki nafasi. Waganga wa wakati ule walisema kama mbu anayechukua malaria hawezi kuruka mbali, na kwa hiyo nafasi tupu ingewalinda wazungu. Huenda Wangermée aliamini sababu hiyo kwa moyo mweupe, kwani waganga wa koloni zote za Afrika walifundisha hivyo. Lakini mbu hakuwa sababu peke yake. Boyi aliyepika na kulala katika kiwanja cha bwana wake hakuogopwa kwa sababu ya mbu.

Mupango ulipoanzishwa, wengine walioukuta waliuzidisha. Mutaa wa kwanza wa weusi ulionekana kuwa karibu mno. Katika mwaka 1921 ulihamishwa mbali zaidi, na kati yake na muji wa wazungu pakaachwa zaidi ya metre 500 pasipo nyumba, pahali palipoitwa eneo la katikati. Mutaa ule mupya uliitwa baadaye Albert, nao ndio Kamalondo ya leo. Ukafuata mutaa wa Kenya, na katika miaka ya 1950 Katuba na Ruashi, kila mumoja mbali kuliko ule uliotangulia. Wazee waliokuwa vijana wakati ule walisimulia namna mutu mweusi alivyohitaji karatasi ili aonekane usiku katika muji. Mama aliyetaka kumupeleka mutoto hospitalini, mutumishi aliyetoka kazini saa ya usiku, wote walivuka nafasi ile tupu kwa miguu, katika mvua na katika giza.

Je, makosa hayo ni ya Wangermée? Sisi tunazani kwamba sehemu yake ni kubwa, ingawa si yote. Nafasi ya metre mia kazaa haikuchorwa na mukono wake, kwani wakati huo alikuwa amekwisha kuondoka. Lakini yeye ndiye aliyetia katika msingi wa muji fikira ya kwamba wanaoujenga hawana makao ndani yake. Alikuwa musimamizi hodari, mwenye kuona mbali juu ya reli, maji, tanuru na njia. Juu ya watu hakuona mbali. Hakuwaza hata kidogo kwamba wajukuu wa wale waliovunja vichuguu wangekuwa wenyeji wa Elisabethville. Serikali yenyewe ilikawia kulifahamu. Katika Desemba 1957 tu wakaaji weusi waliruhusiwa kwa mara ya kwanza kuchagua washauri wa komine zao, na baada ya uchaguzi ule komine zilipata wakubwa weusi. Hata siku ile furaha ilichanganyika na uchungu, kwani waliopata viti walikuwa zaidi watu waliotoka Kasai na inchi zingine. Wenyeji wa Katanga wakasema kama wamefanywa wageni kwao, na katika mwaka 1958 chama cha CONAKAT kikaundwa. Shida ya kuuliza nani ni mwenyeji na nani ni mugeni imetuumiza mara nyingi tangu hapo, hata kwa kumwaga damu. Muji ulioanza kwa kuwaita watu wote wageni, ila wazungu waliokuwa wageni kweli, uliturithisha swali hilo.

Wangermée aliacha uongozi wa Katanga baada ya miaka michache tu, mbele ya vita kuu ya 1914. Hakuona reli ikifika Bukama katika mwaka 1918, wala kanisa kubwa la Watakatifu Petro na Paulo lililojengwa kisha vita. Alirudi Ubelgiji, akafa katika mwaka 1924, mwenye miaka karibu 69. Muji aliouacha ukiwa na mabati na visima ulikuwa wakati huo wa pili katika koloni yote kwa ukubwa.

Eneo la katikati halikubaki tupu. Baada ya uhuru wa 1960 kizuizi chake kilivunjika. Leo mutu anayetoka Kamalondo anapita kuelekea posta pasipo kuonyesha karatasi kwa mutu, na watoto hawajui kama palikuwa na mupaka. Njia zilizonyoka za Wangermée zingali pale pale. Jina alilolileta halikukaa sana: katika mwaka 1966 Elisabethville iligeuzwa kuwa Lubumbashi, jina la kile kijito ambacho Walamba walikuwa wakiteka maji yake kabla gari la moshi halijafika.